Rangi Iliyopita Mferejini

Kwako kitinda mimba wangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe na mkeo na mtoto. Kila barua huanza kwa kuulizana hali, na mimi sitaivunja adabu hiyo. Hali yako vipi? Unakula? Unalala? Miguu haijavimba? Sisi huku tupo. Dada yako yupo, mashine inamsafisha damu mara mbili kwa wiki, na siku anayotoka huko hana nguvu hata ya kufunga kitufe cha blauzi. Wajukuu zangu wote wawili wako shule. Yule mdogo, Kasuku wetu, bado anaongea tangu anafumbua macho mpaka anayafumba, na mkubwa wake bado anamwambia anyamaze. Mimi goti linauma, lakini goti halijawahi kuua mtu, kwa hiyo tuliache.

Usishangae mwandiko. Nimeandika mwenyewe. Mjukuu mkubwa alitaka kuniandikia kama siku zote, yeye anakaa na kalamu mimi nasema, na akikuta neno langu kali analilainisha bila kuniuliza akidhani sijui. Leo nimemwambia hapana. Nilitolewa shule darasa la nne, lakini hayo manne niliyasoma. Herufi zangu ni kubwa na mistari inapanda mlima, ila inasomeka. Simu sikuitaka. Nyumba yetu unaijua, vyumba viwili na ukuta wa mbao, nikikohoa huku dada yako ananiuliza kutoka kule kama nimekunywa dawa. Haya ninayokuandikia hayajafika masikioni mwake, na nani ayafikishe ndilo jambo lililonishikisha kalamu. Sasa yeye amelala, ametoka kwenye mashine, na mimi niko mezani pake, nimesukuma cherehani pembeni. Kwa hiyo kaa kitako. Usisome umesimama mlangoni na viatu mguuni kama ilivyo tabia yako.

Nitakukumbusha hata unayoyajua, maana safari hii nataka uyaone kwa macho yangu.

Figo za dada yako zilipokufa, mumewe alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na damu zao hazikupatana. Ukabaki wewe, ndugu yake pekee, tumbo moja. Sikukuvuta kwa kamba. Nilikupigia simu nikakueleza, ukasema utakuja. Nilijivuna mtaa mzima. Nilimwambia muuza mkaa, nikamwambia fundi viatu, nikamwambia hata yule mama wa nyumba ya kona ambaye hatusalimiani, kwamba mwanangu, mpima ardhi, anaacha kazi yake anakuja kumpa dada yake figo. Ulifika na shati lililopigwa pasi na begi dogo, na dada yako alikushika mkono jioni nzima hakuuachia. Unakumbuka alikuambia nini? Alikuambia akipona atakushonea suti, na wewe ukamwambia asikushonee kubwa kwapani kama ile ya kwanza. Tulicheka. Mumewe naye alicheka, na yule si mtu wa kucheka.

Kesho yake tukaenda hospitali. Daktari wa figo akatueleza kwamba kabla ya kukupeleka hospitali kubwa kwa vipimo vizito, hapa kwao wanaanza na kipimo chao cha zamani, dawa nyekundu. Wanakudunga mshipani, unakunywa maji mengi, halafu unakojoa kwenye chupa, moja baada ya nyingine, kila muuguzi akikuita. Figo nzima inaitema dawa ile haraka. Figo iliyochoka inaing'ang'ania. Yule fundi wa maabara, mzee mwenye koti lenye madoa ambaye hospitali nzima inamwita Mzee Rangi, alitoka na kichupa chake amekishika kama mtu aliyeshika yai, akatuambia dawa ile umri wake ni mkubwa kuliko wa daktari. Akasema hospitali za kisasa zimeshaiacha, kiwandani karibu hawaitengenezi tena, na yeye amebakiwa na sanduku la mwisho. Wewe ukaniinamia sikioni ukasema dawa ya mababu hiyo, labda waliipimia figo za wafalme waliokufa. Nilikufinya. Lakini nilicheka.

Mzee Rangi hakucheka. Alikutazama wewe, hakunitazama mimi, akasema jambo moja tu ulikumbuke: usimwage hata tone. Akasema chupa ya kwanza ndiyo inayosema karibu yote, na tone likipotea yeye hana njia ya kujua limepotea, atadhani ni figo imeshindwa. Ulimjibu ndiyo mzee. Nilikuwepo, nimesimama hapo hapo na ndoo yangu.

Ndoo ilikuwa ya mashuka ya dada yako, maana ilikuwa siku yake ya mashine. Wodini mashuka hayatoshi, kila mtu anafua ya mgonjwa wake. Unapajua pale nyuma, ile sakafu ya saruji yenye bomba, na mfereji ulio wazi unaoanzia ukuta wa choo cha wanaume ukapita mbele ya wanaofua kwenda kwenye shimo. Wanawake tunaudharau mfereji ule kila siku na kila siku tunafua hapo hapo, maana bomba lingine halipo. Nilikuwa nimeloweka mashuka kwa sabuni na magadi, magadi mengi, kwa sababu yalikuwa na madoa ya dawa. Maji ya povu yalikuwa yanatiririka mferejini, meupe, machafu, kama maji yoyote ya kufulia.

Wewe ulikuwa umekwishadungwa. Nilikuona ukiingia chooni na chupa.

Mwanangu, maji yangu yakageuka. Palepale, mbele ya miguu yangu, pale mkondo wa kutoka chooni ulipokutana na povu langu, maji yakawa mekundu. Nikatazama mikono yangu kama nimejikata. Nikatazama mashuka kama yamechuja rangi, mashuka meupe yatachuja rangi gani? Nikatazama ule mkondo ulikotoka, ukutani, na wewe ukatoka mlangoni umeshika chupa yako, imeingia kidogo tu chini, na uso umekuwa kama jivu. Uliniona, ukanitabasamia. Tabasamu la mtoto aliyevunja kikombe. Mimi nikalisoma vibaya. Nilisema moyoni, mwanangu anakojoa damu na ananificha.

Sikukuuliza. Wewe ni mwanamume mzima, una mke, na mama hakufuati chooni kukuuliza kinachotoka. Kwa daktari sikusema pia, nilidhani ataiona mwenyewe kwenye chupa. Nilichukua ndoo ya maji safi nikausafisha mfereji mpaka wekundu ukaisha, wanawake wenzangu wasije wakaona aibu ya mwanangu. Unasikia hiyo? Niliisafisha mimi, kwa mikono hii.

Majibu yakatoka. Daktari alituita, akakohoa, akasema figo zako zimeitoa dawa kidogo mno, akasema huwezi kutoa figo na wewe mwenyewe ukapimwe zaidi ukirudi kwako. Wewe ukainamisha kichwa. Dada yako, aliyekuwa amekuja pale kwa kiti cha magurudumu kusikia kama ataishi, alinyoosha mkono akakupapasa mgongo. Alisema pole. Yeye, kwako. Nilitoka nje nikaegemea ukuta.

Ukaondoka. Ulilia kituo cha basi, na mimi nikakwambia usilie, ugonjwa si kosa la mtu. Kisha nikarudi nyumbani na kumwambia dada yako kile nilichokiona mferejini, damu, kwa sababu alianza kusema labda kipimo kimekosea, labda dawa ile imepitwa na wakati kama ulivyosema mwenyewe. Nikamwambia hapana, mimi nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa shahidi wako. Hata mwanasheria wa kulipwa asingekutetea vile.

Tangu hapo umekuwa mgonjwa wa nyumba hii kuliko mgonjwa aliyemo. Dada yako anakupigia kila Jumapili. Anakufundisha yote aliyojifunza kwa taabu, chumvi kiasi gani, maji kiasi gani, ulale vipi kifua kisibane. Namsikia kupitia mbao. Anakuambia usiogope mashine ikifika siku yake, kwamba sindano ya kwanza ndiyo inauma. Na wewe unasema sawa dada, asante dada, na sauti unaiteremsha chini kama mtu aliyetoka kulala. Kasuku amekuchora picha shuleni, wewe na mama yake mmelala vitanda viwili jirani, na jua juu yenu. Imebandikwa hapa ukutani, inanitazama ninavyoandika.

Sasa nikupe habari mpya.

Mwezi huu niliamua kwenda kupimwa mimi. Usianze. Shemeji yako alikwishaanza, daktari naye akaanza, akaniuliza Bibi una umri gani, nikamwambia sikuja kuomba kazi. Akasema mtu wa umri wangu hawezi kutoa figo. Nikamwambia hajaziona, azione kwanza ndipo aseme. Nilikaa kwenye kile kiti chake mpaka wagonjwa wengine wakaanza kuchungulia mlangoni. Mwisho akaandika karatasi ili niondoke, akanituma kwa Mzee Rangi.

Mzee Rangi alinipokea vizuri. Kachumba kake kana meza ya vigae, beseni, na rafu yenye vijichupa vilivyozibwa, vimepangwa kuanzia waridi iliyofifia mpaka wekundu mzito, hivyo ndivyo anavyolinganishia. Alinionyesha sanduku, vimebaki vichupa viwili. Akasema dawa hii ni bibi kizee mwenzako, na mwaka huu anastaafu pamoja na mimi. Nikamwambia basi sisi watatu tumekutana, tuone nani atamchoka mwenzake. Akanidunga mwenyewe, mkono wake mwepesi, sikusikia kitu. Nikanywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Waliponiita nikaenda na chupa yangu, nikajikaza nikatoa chote, nikarudi nayo nimeifunika kwa leso.

Nilipoifunua nikavunjika moyo. Mkojo ulikuwa wa njano. Njano ya kawaida, ya kila siku. Nikamwambia Mzee Rangi dawa yako imekufa au figo zangu ndizo zimekufa, mbona hakuna wekundu. Alicheka mpaka miwani ikateremka puani. Akaniambia Bibi subiri, wote mnasema hivyo. Akasema dawa hii ni nyekundu ndani ya kichupa, lakini ikipita kwenye mkojo inajificha, inatoka njano kama mkojo wa mtu yeyote, na hakuna awezaye kuiona kwa macho. Mpaka uitilie magadi. Akachukua chupa nyingine, akatia maji yake ya magadi ndani ya mkojo wangu.

Ukageuka palepale.

Haukuwa wekundu wa damu. Ulikuwa waridi yenye zambarau ndani yake, kama ile satini dada yako aliyomshonea bibi harusi wa mtaa wa pili. Na mimi rangi ile nilikuwa nimeshaiona. Iliwahi kupita mbele ya miguu yangu. Siku ile jicho lilikuwa na hofu likaiita damu, lakini rangi ilikuwa hiyo hiyo, mwanangu, isipokuwa ya mferejini ilikuwa kali zaidi.

Nilikaa kwenye kistuli. Mzee Rangi alidhani ni kizunguzungu, akanipa maji, kama vile sikuwa nimejaa maji. Nikayashika mkononi nikamuuliza, kwa mfano tu, mtu akimwaga chupa yake ya kwanza kwenye mfereji, na mbele kidogo kuna mtu anafua, itakuwaje. Alivua miwani akaifuta kwa lile koti lake. Kisha akasema sabuni na magadi ni kitu kimoja na hiki alichonacho yeye chupani, kwa hiyo maji ya mfuaji yatachanua. Nikamuuliza tena, na kama figo za mtu huyo ni mbovu? Akasema figo mbovu haina cha kumwaga. Akasema mfereji mzima hauwezi kupakwa rangi ile isipokuwa na figo nzima, figo ya mtu mwenye afya njema kabisa. Hakuniuliza mtu huyo ni nani. Mzee yule ana adabu. Alirudisha miwani akaendelea kulinganisha chupa yangu na zile za rafuni.

Kwa hiyo hiyo ndiyo habari. Hukuwa unakojoa damu. Ulikuwa unamwaga dawa, na ukaacha kidogo chini ya chupa ili daktari aone figo imeshindwa. Uliambiwa usimwage tone, na palepale ukajifunza namna ya kutoroka. Wewe kazi yako ni kupima viwanja vya watu, ukisogeza jiwe la mpaka kwa hatua moja unafungwa. Umelisogeza hili.

Majibu yangu mimi, kama una nafasi ya kuyasikia, ni haya. Chupa yangu iliangukia kwenye zile zilizofifia. Mzee Rangi alianza kuzungukazunguka, nikamwambia asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, aseme. Akasema figo zangu zinatosha kunifikisha nilikobakiza kwenda, ila hazitoshi kugawana na mtu. Nikamshukuru. Zangu zimezeeka kweli, mwanangu. Nilitoa chupa zote, hadi ya mwisho, na kila moja ilisema ukweli, hata ule nisioutaka.

Njiani nilitembea kwa miguu, goti na yote. Sikulia. Hasira ilikuja kwanza ikachukua nafasi yote. Lakini nilipofika kwenye lile daraja la reli hasira ikapungua kidogo, nikakukumbuka ulivyokuwa mdogo, wauguzi walipokuja shuleni na sindano ukaruka ukuta ukaja nyumbani umechanika kaptura, ukajificha nyuma ya pipa. Nilikupiga siku ile? Sikukupiga. Nilikubeba nikakurudisha, ukanishika shingo, ukadungwa ukiwa mgongoni kwangu. Basi nakuambia, kuogopa kisu si dhambi. Kupasuliwa mzima ukiwa na mtoto mdogo nyumbani ni jambo la kuogopesha, mimi nisingekulaumu. Ungekuja pale kwenye bomba, na mikono yangu ikiwa na povu, ukaniambia Mama naogopa. Neno moja. Nisingekugombeza, ningemwambia dada yako mimi mwenyewe, na angekuelewa, maana yeye anajua kuogopa kuliko sisi sote. Lakini wewe ulichukua woga wako ukauvisha nguo za ugonjwa, ukauleta ndani ya nyumba ya mgonjwa, ukaketi ukapewa pole.

Nilisema nitakaa na jambo hili tumboni. Nilidhani naweza. Nilipofungua mlango nikamkuta dada yako ameketi kitandani na kile kifurushi chako, kile anachokutumia kila mwezi kwa basi. Unajua mimi ndiye ninayekipeleka ofisi ya basi. Nilijua mna fulana ndani, na soksi za kubana miguu, na michoro ya Kasuku. Sikuwahi kukifungua, si tabia yangu. Safari hii kilikuwa wazi, na dada yako alikuwa anamimina vidonge kutoka kwenye kopo lake kwenda kwenye kichupa kidogo. Vile vya presha, na vile vya kuzuia uvimbe. Alishtuka. Akajaribu kufunika kwa shuka kama mwizi.

Nikamuuliza ni nini. Akaniambia nisikasirike. Akasema wewe ulimwambia kwamba daktari wa huko alikuandikia vidonge kama vyake, ila huko vimeadimika. Kwa hiyo tangu hapo yeye anakunywa asubuhi tu, vya jioni anakuwekea. Nikamwambia ndiyo maana miguu yake imekuwa kama magunia, ndiyo maana kwenye mashine wanamgombeza kila wiki. Akasema yeye ana mashine, wewe huna. Akasema, na hili nimeliandika kama alivyolisema, Mama si ulimwona mwenyewe anakojoa damu.

Mimi niliyemtia neno lile masikioni.

Nimekuzaa na ninakujua. Najua hukuviomba vidonge. Najua ulisema vimeadimika ili amalize maswali ukate simu, kisha kifurushi kikafika na ukashindwa kurudi nyuma, kwa sababu ukirudisha vidonge utalazimika kurudisha na ule uongo. Lakini ulipovipokea mara ya kwanza na ukasema asante dada, ulijua unachokipokea. Unavitia wapi? Kabatini? Chooni? Wewe una mazoea ya kumwaga.

Kifurushi nilikichukua kama kawaida, nikamwambia naenda ofisi ya basi. Sikukituma. Kiko chini ya godoro langu, na vidonge navirudisha kwenye kopo lake vichache vichache akiwa amelala, yeye anadhani anahesabu vibaya. Mwanamke mzima nimekuwa mwizi wa kurudisha. Hilo siwezi kulifanya muda mrefu, kwa sababu mwezi ujao atafungua kopo akutolee tena.

Sikilizeni basi, wewe na dhamiri yako.

Siandiki kuomba figo. Figo ni yako, imo ndani ya ngozi yako, na hakuna mama mwenye mkono mrefu wa kuifikia. Dada yako naye akijua haikutoka moyoni hataichukua, namjua, ataichana karatasi mbele ya daktari. Ninachokitaka ni kwamba Jumapili akikupigia akakuuliza miguu, usiseme asante dada. Mwambie. Mwambie u mzima, mwambie ulichofanya, kwa mdomo wako, ili anywe vidonge vyake vyote. Atalia na huenda akakata simu, na huenda asikupigie tena maisha yako yote. Hiyo ndiyo bei yake. Nitakuwa upande wa pili wa mbao, nitasikiliza. Jumapili ikipita hujasema, Jumatatu nitamwambia mimi, na mimi sijui kulainisha, mwenye kulainisha ni mjukuu.

Jambo la mwisho. Mzee Rangi amebakiwa na kichupa kimoja. Tarehe yake inaisha mwezi ujao, na yeye anaondoka nacho, baada ya hapo hospitali haitakuwa na dawa wala mtu wa kuisoma. Kulikuwa na mgonjwa mwingine aliyepangiwa, daktari akampeleka hospitali kubwa. Nilimwomba Mzee Rangi asikitoe. Akaniuliza namwekea nani. Nikamwambia yule wa kwa mfano tu. Akakiweka nyuma ya rafu, peke yake.

Sijakuambia uje. Ila ukija, uje na kiu, na usiulize utanikuta wapi. Mashuka ya dada yako ya siku za mashine bado nafua mimi, mahali ni palepale, na mfereji haujahama. Nimenunua magadi ya kutosha.

Msalimie mkeo, sina neno naye, huenda hata yeye umemdanganya. Mbusu mtoto. Shemeji yako anakusalimu, mjukuu mkubwa anakusalimu, na Kasuku anauliza kama michoro yake ya kifurushini ilikufika. Dada yako anageuka kitandani, naona anaamka, ataniuliza naandika nini. Nitamwambia nakuandikia wewe, na najua atakachosema. Atasema nikusalimie sana, na nikwambie usisahau kunywa dawa.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni,
Mama yako